Tone Nyuma ya Kifuniko

Nimemwomba shemeji ruhusa kabla ya kuandika habari hii. Alicheka kwanza, kisha akasema, "Andika tu, shemeji. Ila uandike na ya kwako." Basi nitaandika na ya kwangu, maana siku ile vali ilipotolewa sikuwa mtazamaji. Mimi ndiye niliyeshika ndoo.

Shemeji ni mtu wa Tanga, amemwoa dada yangu, na makazi yao ni pembezoni mwa jiji la Minneapolis, katika jimbo la Minnesota huko Marekani. Anaendesha malori ya masafa marefu. Ungedhani mtu anayeshinda barabarani wiki nzima, akipata likizo atajilaza nyumbani. Yeye akanunua gari-nyumba. Lilikuwa limetumika miaka kumi na ushei, la aina ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, na ndani lina jiko, friji, bafu na choo. Siku lilipofika, watoto wa nyumba zote mbili, yake na yangu, walikataa kulala kwingine.

Kwa ambaye hajawahi kukaa ndani ya gari la namna hii, jambo la kujua ni kwamba halina shimo la choo. Linatembea na kila kitu chake. Chini ya sakafu kuna tangi la maji safi, tangi la maji ya kijivu yanayotoka kwenye sinki na bafu, na tangi la maji meusi, ambalo nadhani halihitaji maelezo. Hayo mawili ya majitaka humwagia kwenye bomba moja ubavuni mwa gari, na kila moja lina vali yake: ya choo kwa kawaida ni ya inchi 3, ya kijivu mara nyingi ni ya inchi 1.5. Vali yenyewe ni kitu chepesi kuliko jina lake. Ni bapa la plastiki linaloteleza katikati ya mipira miwili ya kuzibia. Ukivuta kishikio, bapa linatoka na njia inafunguka. Ukisukuma, linarudi kwenye mfuo wake na kufunga. Halafu mwisho kabisa wa bomba kuna kifuniko cha kuzungusha kwa mkono.

Hicho kifuniko ndicho kilichotudanganya. Kazi yake ni kupokea tone moja mawili yaliyobaki bombani yasidondoke barabarani. Hakikutengenezwa kuzuia tangi zima. Lakini kwa kuwa kinaziba vizuri, vali iliyo nyuma yake inaweza kuvuja wiki, mwezi, msimu mzima, na ukizunguka gari huoni kitu. Chini pakavu. Habari unaipata siku unapokifungua.

Mara ya kwanza ilikuwa Mei. Tulikuwa kwenye kituo cha kumwagia majitaka, shemeji akafungua kifuniko ili aunge bomba la mpira, pakatoka maji kama ya kikombe cha kahawa. Akaruka nyuma, tukacheka. Tukasema ni masalio ya safari iliyopita, na huenda kweli yalikuwa masalio, maana bomba hubakiza kidogo. Ila mara ya pili ilikuwa bilauri nzima, na ya tatu shemeji alikuwa ameshajizoesha kutega bakuli chini kabla ya kufungua. Nikikumbuka sasa, lile bakuli ndilo linaloniuma. Mtu akishatafuta chombo cha kukingia uvujaji, ameshakubali kuishi nao. Kwangu mwenyewe kuna sufuria chini ya sinki tangu Ramadhani, kwa hiyo msidhani nasema kwa kumcheka mtu.

Dalili ya pili ilikuwa kishikio. Vali inapofunga sawasawa, kishikio huingia mpaka kikagota. Cha shemeji kilikuwa kinabakiza upana wa kidole. Ukikisukuma kwa kiganja kinagoma. Ukikigonga kwa ngumi kinaingia kidogo, halafu kinarudi palepale. Haihitaji uhandisi kuelewa maana yake: kuna kitu kimekaa kwenye mfuo na bapa halifiki mwisho. Mlango usiofunga, watu huinama kutazama kilichonasa chini. Lakini shemeji ni dereva, na dawa ya dereva kwa kila kinachokaza ni oili. Akamimina oili ya injini kwenye ufito wa kishikio, akauvuta na kuusukuma mara kumi, ukalainika.

"Umeona?" akaniambia.

Niliona, na nikampongeza. Nisichokijua wakati ule ni kwamba mipira ya vali hizi haipatani na mafuta ya jamii ya petroli. Oili huivimbisha, huilegeza, mwisho ikapoteza umbo. Grisi inayoifaa ni ile ya silikoni. Basi kishikio kikawa chepesi, uvujaji ukaongezeka, na sisi wawili tukabaki tunastaajabu.

Julai tukasafiri. Shemeji, dada na watoto wao watatu, mimi na wanangu wawili, kuelekea hifadhi ya Yellowstone, mwendo wa takriban kilomita 1,600. Barabara kuu namba 90 inakatiza South Dakota yote kutoka mashariki hadi magharibi; unauvuka mto Missouri pale Chamberlain, unapita vilima vilivyochongwa na mvua vya Badlands, kisha milima ya Black Hills. Safari nzuri, siwezi kuikana. Watoto bado wanaizungumza. Hakuna hata mmoja wao anayezungumza habari ya vali.

Tulipolala karibu na Black Hills, jirani yetu kambini alikuwa mzee mstaafu wa Kimarekani, yeye na mkewe wanaishi ndani ya gari lao mwaka mzima. Aliliona bakuli. Hakuuliza. Aliinama tu, akatazama kishikio, akapenyeza kidole chake kwenye ile nafasi iliyobaki, kikaenea.

"Hii haijafunga," alisema. "Itoe tangi likiwa tupu na safi, kabla haijakuchagulia siku yenyewe."

Shemeji alimshukuru kwa heshima zote, maana ni mtu wa adabu. Jioni akaniambia kwa Kiswahili kwamba wastaafu wa kambini wamekosa pa kupeleka maneno. Nikacheka. Ndugu msomaji, mtu asiyekujua, asiyekuuzia kitu, akiinama mwenyewe kutazama chini ya gari lako, msikilize. Yule mzee alitupa bure kile ambacho baadaye tulikinunua ghali.

Badala yake, kesho yake tuliingia dukani tukanunua vali ya ziada, ile inayochomekwa nje mahali pa kifuniko. Ni kifaa halali, na kwa mtu aliye safarini ni msaada mkubwa, inamfikisha nyumbani. Kosa letu lilikuwa kuichukua kama tiba. Tuliifunga, tukaona hakuna hata tone, bakuli likatupwa. Hatukufikiria kilichokuwa kinatokea ndani. Bomba la kutokea ni moja kwa matangi yote mawili. Maji meusi yaliyokuwa yanachuruzika kupitia vali mbovu sasa yalikosa pa kwenda, yakajaa kwenye lile bomba la pamoja na kuikalia vali ya kijivu kwa upande wa nje. Na vali ya kijivu nayo umri wake ulikuwa uleule. Ikilegea, uchafu wa chooni unaingia tangi la kijivu, na tundu la chini kabisa linaloungana na tangi la kijivu ni la bafuni, pale unaposimama na miguu mitupu.

Siku mbili baadaye dada akasema, "Bafu linanuka choo."

Sisi wanaume tukamweleza. Tukamwambia ni joto. Tukamwambia kuna kona ya bomba ambayo maji yake hukauka gari likitikisika, na harufu inapata njia. Maelezo mazuri kabisa, na huwa kweli kwa magari mengine. Tukamwagia maji ya sabuni ya limau na safari ikaendelea. Dada anafanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee. Hakuna kati yetu anayezijua harufu kama yeye. Alituambia mara moja, akanyamaza. Kunyamaza kwake nako kulikuwa dalili, kwa anayemjua.

Ndani ya Yellowstone tulipata nafasi kambi ya Fishing Bridge, ambayo hairuhusu mahema kwa sababu ya dubu, na ambamo kila gari lina tundu lake la kuunga majitaka. Siku tatu. Hapo ndipo tulipofanya kosa kubwa kuliko yote, na wazo lilikuwa langu. Nilimwambia shemeji: kwa kuwa vali inavuja hata hivyo, na shimo lipo hapa, kwa nini tusiiache wazi muda wote ijitoe yenyewe? Akaona ni akili. Tukavuta kishikio, tukaenda kutazama nyati.

Tangi la choo halimwagwi hivyo. Lazima lifungwe lijae, au likaribie kujaa, ndipo lifunguliwe kwa mkupuo, ili wingi wa maji ubebe na vile visivyo maji. Ukiliacha wazi, majimaji yanatangulia na kupotea, na vingine vyote vinabaki vimekaa chini ya tundu la choo, vinarundikana na karatasi, vinakauka, vinakuwa kichuguu. Na tukisema kweli, kichuguu hicho hakikuanzia Fishing Bridge. Vali inayovuja hufanya kazi hiyohiyo polepole kila siku: inanyonya maji na kuacha mango. Mango nayo inasogea kwenye mfuo na kuizuia vali isifunge. Ubovu ulikuwa unajilisha wenyewe tangu Mei.

Sasa geji. Kuna taa ukutani zinazoonyesha tangi limefika theluthi moja, theluthi mbili, au limejaa. Zinategemea vipini vya chuma vilivyopenya ukuta wa tangi. Majitaka yakigusa kipini, taa inawaka. Kipande cha karatasi kikikwama juu ya kipini, taa inawaka hata tangi likiwa tupu. Kila mwenye gari la namna hii anajua kuwa geji ya choo ni mwongo. Ya shemeji ilikuwa imeganda kwenye theluthi mbili tangu alipolinunua gari, na sote tulishaacha kuitazama.

Agosti, Jumamosi asubuhi, tukaamua kubadilisha vali. Methali ya ufa na ukuta tunaijua, na shemeji ndiye hodari wa kuitaja kwenye vikao vya harusi. Kwa bahati mbaya, saa nane mchana siku hiyohiyo kulikuwa na kikao cha harusi, naye ndiye mwenyekiti. Kazi ya saa mbili, alisema. Vali mpya ya inchi 3 na mipira yake haikufika dola 30. Tulikwenda kwanza kumwaga tangi kituoni, tukarudi, tukaanza.

Nataka nikae kidogo pale kituoni, kwa sababu hapo tuliambiwa kila kitu. Bomba la mpira lina elbo ya plastiki angavu, imewekwa makusudi ili mtu aone kinachopita. Shemeji akavuta kishikio. Kikaja kishindo cha kwanza, cheusi, chenye nguvu. Kwa kawaida huendelea kwa muda, kisha huanza kupungua rangi, mwisho hutoka kwa vipindi. Siku hiyo kilikatika ghafla. Nilitazama elbo: maji membamba, ya njano nyepesi, karibu masafi. Hakuna karatasi. Kwa watu wanane na wiki mbili za safari, hakuna hata kipande cha karatasi.

"Limeisha mapema," nikasema.

"Si tuliliacha wazi kule? Litakuwa na nini?"

Akaingia ndani kutazama geji. Theluthi mbili. Akatoka akipunga mkono hewani, kama mtu anayemfukuza nzi. "Huyu naye na uongo wake."

Siku hiyo ilikuwa inasema kweli. Ilikuwa imedanganya kwa muda mrefu kiasi kwamba ukweli wake haukuwa na thamani kwetu. Kwenye mlango wa tangi, nyuma kidogo tu ya vali, kichuguu kilikuwa kimeteleza na kujipanga kama bwawa la udongo, na nyuma yake maji yametulia. Tungemwaga ndoo mbili za maji chooni na kuwasha tochi kuchungulia ndani, tungeliona. Dakika tano. Choo cha gari hakina kona ya maji kama cha nyumbani. Ukikanyaga pedali unatazama tangi moja kwa moja.

Tulifika nyumbani saa nne na nusu. Shemeji akaweka kabari kwenye magurudumu, akatandika kadibodi, akaingia chini. Hilo alilifanya vizuri, na gari hatukulipandisha jeki. Glavu alivaa. Miwani aliyovaa ilikuwa ya kusomea, bahati tu. Vali hushikwa na bolti nne zinazoibana katikati ya flenji mbili. Tatu zilitoka, ya nne ilikuwa imeota kutu ikachukua nusu saa, na ile nusu saa ikatuongezea haraka. Ilipotoka, akaingiza bisibisi kati ya flenji na vali, akaibembeleza. Vali ikasogea. Hapakutoka kitu. Akanigeukia akitabasamu, kichwa chini, miguu nje. Nami nilikuwa nimechuchumaa pembeni na ndoo, kwa ajili ya matone.

Akaivuta.

Kwa muda wa kuvuta pumzi moja hakukuwa na kitu, tundu la inchi 3 limezibwa na kitu cheusi, kinang'aa kidogo. Halafu tangi likatoa sauti kama mtu anayesafisha koo.

Sitaeleza yote. Shemeji alitoka chini ya gari kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wa umri na kitambi chake. Nilikinga ndoo ikajaa kabla sijaelewa, na nilipokwenda kuchukua ya pili, majitaka mengine yalikuwa yanatiririka kwenye mteremko kuelekea mtaani. Dada alitoka jikoni, akatazama, wala hakupiga kelele. Alituamuru mimi nizibe tundu kwa mfuko wa plastiki na kitambaa, mwanawe mkubwa alete mchanga wa choo cha paka kwa jirani, na mumewe afunge mdomo aende moja kwa moja bombani.

Aliwahi kuukata mto ule hatua chache kabla ya mfereji wa mtaa, na kwa hilo tunamshukuru hadi leo, kwa sababu ile mifereji ya mvua haiendi kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Inaenda moja kwa moja kwenye maziwa na mto Mississippi, bila kuchujwa. Sisi tuliokulia Dar es Salaam tunaijua aibu ya watu wanaofungulia chemba mvua ikinyesha, uchafu wao ukapitia kwa majirani. Kumbe nasi ilibaki kidogo tuifanye huku Minnesota jua likiwaka. Na Marekani jambo hili halichekwi. Agosti 8, 2004, mjini Chicago, basi la bendi ya Dave Matthews lilifungua tangi lake la choo juu ya daraja la mtaa wa Kinzie. Sakafu ya daraja ni wavu wa chuma, na chini yake ilikuwa inapita boti ya watalii iliyo wazi. Karibu kilo 360 ziliwamwagikia watu. Wanamuziki hawakuwemo ndani ya basi. Dereva alikiri kosa mahakamani, na bendi ikalilipa jimbo la Illinois dola 200,000. Kijana wetu mmoja aliipata habari hiyo kwenye simu jioni ileile na kutusomea mezani, kwa sauti, bila kuombwa.

Jirani aliyeleta mchanga alileta pia chupa kubwa ya dawa ya klorini, kwa nia njema kabisa, akaanza kufungua kifuniko. Dada akamshika mkono. Mkojo una amonia, na dawa za matangi nazo zina kemikali zake. Ukizichanganya na klorini, gesi inayotoka hukamata mapafu. Kwanza tulizoa, tukafunga kwenye mifuko miwili miwili, tukasuuza kwa maji kidogo tukiyakausha kwa mchanga, na klorini iliyozimuliwa ikaja mwisho kabisa, sakafu ikiwa tayari safi. Shemeji alikuwa na mchubuko kidoleni, chini ya glavu iliyopasuka. Jumatatu akaenda kwa daktari kuuonyesha, maana hayo maji hubeba vijidudu vya kuhara na homa ya ini ya aina A. Alitoka salama. Kikao cha harusi kiliendeshwa na katibu.

Kazi yenyewe tuliifanya Jumamosi iliyofuata, na iliwezekana kwa sababu hatukuwa na miadi. Kwanza tulirudisha vali ileile mbovu kwa muda na kuifunga kwa ile ya ziada, tukajaza maji na kuliendesha gari polepole kwenye kona nyingi ili yasukesuke, tukamwaga kituoni. Tukarudia mara tatu. Mara ya tatu elbo ilipitisha karatasi, halafu maji ya matope, halafu maji. Tukachungulia chooni kwa tochi mpaka tukaona plastiki ya sakafu ya tangi. Madirisha wazi, na hakuna mwenye sigara karibu, kwa kuwa matangi haya hutoa methani, pamoja na ile gesi ya yai bovu ambayo ikizidi huua kwanza uwezo wa pua kuinusa.

Vali mpya haina ugumu, ina udhia wa mipira. Mipira miwili hukaa kwenye flenji, mmoja kila upande, na vali inasukumwa katikati yake ikiwa imebanana. Ukiisukuma kwa nguvu, ukingo wa mpira unajikunja ndani na wewe huoni; unafunga bolti, unajaza tangi, na inavuja kuliko ya zamani. Shemeji alizitanua flenji kidogo kwa ubao mwembamba, akapaka grisi ya silikoni, na kabla ya bolti kuingia akapitisha kidole mzunguko wote kuhisi kama kuna mkunjo. Ulikuwepo mmoja. Akaitoa, akaanza upya. Bolti alizikaza kwa mkono, kisha kwa spana, robo raundi kila moja, kwa kukingama, moja ya juu kushoto halafu ya chini kulia, mpaka zikatosha. Ukizikaza kama za gurudumu la lori, bapa linabanwa halitelezi, au flenji inapasuka, na flenji imegandishwa kwenye bomba kwa gundi. Hapo unakata bomba. Na mipira inunuliwe ya kiwanda kilichotengeneza vali yako. Kwa macho yote ni inchi 3. Kwenye flenji haikai sawa. Ya kijivu nayo tuliibadilisha hapohapo. Ilikuwa imelegea, kama pua ya dada ilivyosema.

Baada ya chakula tuliifungua vali ya zamani juu ya gazeti. Mipira ilikuwa imetepeta, laini kama ufizi, na ina rangi ya oili ya injini. Shemeji akaibonyeza kwa kidole, hakusema kitu. Kisha tukalisukuma bapa nje na kuukwangua mfuo. Kulikuwa na karatasi iliyogeuka kuwa kitu kama ngozi, kulikuwa na mchanga, na chini kabisa, pale bapa linapogota, kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne na kushindiliwa kikawa kigumu. Unene wake ulikuwa wa kidole.

Kilikuwa kitambaa chenye unyevu cha kufutia watoto. Nyumba ya shemeji haivitumii. Pakiti yake imeandikwa kwamba kinafaa kutupwa chooni, nami niliyasoma maandishi hayo na kuyaamini, Aprili, safari ya kwanza kabisa, mwanangu mdogo alipochafuka. Karatasi huyeyuka majini. Kile hakikuyeyuka.

"Na hii utaiandika?" shemeji akauliza.

Nikamwambia nitaiandika.

Usiku ule tulijaza tangi maji safi mpaka juu, tukafunga vali, tukaacha kifuniko wazi kabisa, na chini ya mdomo wa bomba tukatandika kadibodi mpya, ya kahawia, ambayo tone moja tu lingeacha doa. Asubuhi nilipofika, shemeji alikuwa ameshachuchumaa pale, kikombe cha chai kimesahauliwa juu ya bampa. Kadibodi ilikuwa kavu. Aliigusa kwa kiganja, akaigeuza upande wa pili, akaigusa tena, kisha akairudisha palepale.

"Tuiache na leo," akasema.